Rhiannon Giddens ni nani, na kwa nini banjo yake imezua maswali?

Wimbo wa Beyoncé uitwao Texas Hold 'Em ulitoka tarehe 11 Februari 2024, na sauti ya kwanza kusikika humo si ya Beyoncé. Ni banjo, chombo cha nyuzi. Siku chache baadaye kituo kimoja cha redio huko Oklahoma kilimkatalia msikilizaji aliyeomba wimbo huo, kwa maelezo kwamba wao ni redio ya kantri na Beyoncé hapigwi pale. Watu wakaja juu mitandaoni, kituo kikabadili msimamo, wimbo ukapanda hadi namba moja katika chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke Mweusi kufika hapo. Mabishano hayakuishia Marekani. Hata huku kwetu watu waliulizana: huyu dada anatafuta nini kwenye muziki wa wazungu? Na aliyempigia hiyo banjo ni nani?

Aliyepiga ni Rhiannon Giddens, mwimbaji na mtunzi kutoka North Carolina. Wengi walimsikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, wakadhani Beyoncé ndiye aliyemtoa gizani. Ukweli ni kwamba alikuwa na karibu miaka 20 ya kazi mgongoni, tuzo za Grammy za muziki, na tuzo ya Pulitzer, mojawapo ya tuzo kubwa za uandishi na muziki Marekani. Kazi yake yote imekuwa jibu kwa lile swali la kwanza, ndiyo maana nadhani njia nzuri ya kulielewa ni kumfuata yeye.

Tuanze na majina, kwa sababu mkanganyiko mwingi unazaliwa hapo. Kantri ni muziki wa nyuzi (fidla, banjo, gitaa) uliokulia vijijini kusini mwa Marekani, kisha ukageuka biashara kubwa yenye makao yake Nashville, jimbo la Tennessee. Americana ni jina la juzi tu. Mwaka 1995 jarida la biashara ya redio liitwalo Gavin lilianzisha chati yenye jina hilo. Mwaka 1999 kikaundwa chama cha wanamuziki na wafanyabiashara wake. Na mwaka 2010 Grammy ikatoa kwa mara ya kwanza tuzo ya albamu bora ya Americana peke yake. Jina hili linawakusanya watunzi wanaochota kwenye kantri ya zamani, bluzi, gospeli, nyimbo za asili na roki, na ambao redio za kantri za leo haziwapi nafasi. Wapo wanaodhani Americana ni nyimbo za kuisifu Marekani, bendera na jeshi lake. Sivyo kabisa. Nyingi zinaikosoa nchi hiyo kwa ukali kuliko muziki wowote unaopigwa redioni kule.

Giddens alizaliwa tarehe 21 Februari 1977 mjini Greensboro, baba Mzungu na mama Mweusi. Greensboro ndiko wanafunzi wanne Weusi walikokaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth tarehe 1 Februari 1960 wakakataa kuondoka mpaka wahudumiwe, na cheche ile ikawasha miji mingine ya kusini. Alikulia basi mahali ambapo watu wanajua vizuri nani anaruhusiwa kukaa wapi. Muziki aliousomea ni opera, katika chuo cha muziki cha Oberlin, Ohio, akahitimu mwaka 2000. Ukimsikiliza leo mafunzo hayo yanajionyesha: pumzi ndefu, kila neno linatamkika, na sauti inajaza ukumbi bila kupiga kelele.

Aliporudi nyumbani akavutwa na ngoma za kijijini za North Carolina, zile ambazo watu hupanga mistari miwili wakitazamana na mmoja anaita hatua. Yeye akawa muitaji. Huko akaipenda banjo. Muziki ule aliukuta mikononi mwa wazungu, kama sote tulivyouona kwenye filamu, na kwa muda alijiona mgeni ndani yake.

Kisha ukaja Aprili 2005. Katika mji wa Boone, North Carolina, uliitishwa mkutano wa wapigaji na watafiti wa banjo ya watu Weusi. Giddens akakutana huko na vijana wengine wawili, Dom Flemons na Justin Robinson, na wote watatu wakapata habari za mzee Joe Thompson wa Mebane. Mzee huyu alizaliwa 1918, akafanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha samani, na alikuwa mmoja wa Weusi wa mwisho waliokuwa bado wakipiga fidla ya ngoma za kijijini kama alivyorithishwa nyumbani kwao. Vijana wakawa wanamwendea Alhamisi jioni. Hakukuwa na darasa wala noti za kuandika. Mzee anaanza wimbo, wao wanamfuata, wakikosea anaendelea tu hadi wamfikie. Ndivyo mafundi wengi wa muziki barani Afrika walivyofunzwa, na ndivyo kundi la Carolina Chocolate Drops lilivyozaliwa. Albamu yao ya mwaka 2010, Genuine Negro Jig, ilishinda Grammy ya muziki wa asili mwaka uliofuata. Mzee Thompson aliishi kuyaona hayo. Alifariki 2012 akiwa na miaka 93.

Sasa tuishike banjo yenyewe, maana bila kuitazama kwa karibu mengine yote yatabaki maneno. Banjo ya zamani ni kibuyu kilichokatwa, kikawambwa ngozi kama ngoma, kikachomekwa mti uwe shingo. Mwenye kujua zeze hatashangaa. Jambo la pekee ni uzi mmoja mfupi ambao hauanzii juu kabisa ya shingo kama mingine. Unaanzia njiani, na kazi yake ni ya kidole gumba. Mtindo wa zamani wa kuipiga haudokoi nyuzi kwenda juu kama gitaa. Mkono unashuka: ukucha wa kidole cha shahada au cha kati unagonga uzi mrefu, mkono unatua kwenye ngozi, na gumba linaachia ule uzi mfupi. Kwa hiyo unasikia ngoma na wimbo kwa wakati mmoja, kutoka mkono mmoja.

Wajola wa Senegal, Gambia na Guinea-Bissau wana chombo kiitwacho akonting: kibuyu, ngozi, nyuzi tatu, mmoja wao mfupi wa gumba, na mkono unaoshuka vilevile. Mgambia Daniel Jatta alifanya kazi kubwa ya kukitambulisha kwa wapenzi wa banjo huko ng'ambo. Lakini hapa pana kosa linalofanywa na watu wenye nia njema. Si kweli kwamba banjo ilipanda merikebu Afrika ikashuka Marekani ikiwa kamili. Waliovuka walikuwa watu, wakiwa na mikono yao na kumbukumbu za vyombo vingi: akonting, ngoni, xalam na vingine. Visiwani Karibi, katikati ya utumwa, watu wa makabila mbalimbali waliunda kitu kipya kutokana na vyote hivyo. Daktari Hans Sloane aliyefika Jamaica mwaka 1687 aliviona vyombo vya namna hiyo, na michoro yake ikachapishwa mwaka 1707. Banjo ni uvumbuzi wa Waafrika waliokuwa utumwani, na kwangu hilo lina uzito mkubwa kuliko kama ingekuwa imebebwa tu.

Ilikuwaje basi ikageuka alama ya mzungu wa kijijini? Kwa hatua mbili, na zote mbili ni za kibiashara.

Ya kwanza ilikuwa jukwaani. Miaka ya 1830 na 1840 waburudishaji wazungu, Joel Walker Sweeney wa Virginia akiwa kati ya waliosifika zaidi, walijifunza banjo kutoka kwa Weusi. Mwaka 1843 kundi la Virginia Minstrels lilipanda jukwaani New York, sura zimepakwa weusi, wakiiga na kudhihaki namna watumwa wanavyoongea na kucheza. Maonyesho ya aina hiyo yalipendwa mno, kwa miongo mingi. Viwanda vikaanza kutengeneza banjo za mbao na chuma, zikauzwa hata kwa akina mama wa kizungu wa mijini. Weusi wengi nao wakaanza kuiacha. Gitaa lilikuwa limeingia, na nani angependa kushika chombo kilichofanywa ishara ya kumcheka?

Ya pili ilikuwa kwenye santuri. Mwaka 1920 Mamie Smith, mwimbaji Mweusi, aliuza santuri nyingi kupita matarajio ya kampuni ya Okeh. Mwaka 1923 kampuni hiyohiyo ikamrekodi mzee mzungu wa Atlanta, Fiddlin' John Carson, nayo ikauzika. Makampuni yakaona kuna masoko mawili, yakafungua orodha mbili: santuri za Weusi, zenye bluzi na gospeli, na santuri za wazungu wa vijijini, zenye fidla na banjo. Fikiria mama ntilie aliyepika chungu kimoja cha maharage, akapakua sahani za mlango wa mbele kwa jina moja na za mlango wa nyuma kwa jina lingine. Baada ya miaka 30 wateja wa milango hiyo miwili watakuapia kwamba hawajawahi kula chakula kimoja. Mzungu aliyeimba bluzi aliweza kupenya. Lakini Mweusi mwenye fidla na banjo, mtu kama wazee wa kina Thompson, mara nyingi hakurekodiwa kabisa kwa sababu hakuwa na orodha ya kuwekwa. Mwaka 1949 Billboard ilibadilisha majina ya chati zake, ile ya Weusi ikawa rhythm and blues na ile ya wazungu wa vijijini country and western. Majina yakawa ya heshima zaidi. Ukuta ukabaki palepale.

Nyuma ya ukuta huo watu waliendelea kufundishana. Familia ya Carter, inayoitwa familia ya kwanza ya kantri, ilikusanya nyimbo zake nyingi ikiongozana na mpiga gitaa Mweusi, Lesley Riddle, ambaye kazi yake ilikuwa kushika tuni kichwani. Hank Williams alifundishwa gitaa utotoni na Rufus Payne, Mweusi aliyepiga mitaani Alabama. Jimmie Rodgers, baba wa kantri, alirekodi mwaka 1930 na tarumbeta ya Louis Armstrong. DeFord Bailey, mpiga harmonika Mweusi, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi maarufu cha redio cha Grand Ole Opry, hadi alipoondolewa mwaka 1941.

Huyu Rodgers ana uhusiano na Afrika Mashariki pia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Chemirocha ni yeye, Jimmie Rodgers, aliyesikika kijijini kwenye gramafoni na kugeuzwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Kenya haijaacha kuipenda kantri tangu hapo, na ina waimbaji wake, Elvis Otieno maarufu kama Sir Elvis akiwa mmoja wao. Nasema hivi kwa wale wanaomwona Mkenya mwenye kofia ya kauboi wakamwambia ameiga uzungu. Muziki ulioingia Kapkatet kwa gramafoni ulikuwa umejaa bluzi ya watu Weusi wa Mississippi, alikozaliwa Rodgers. Hata hivyo tusiruke upande wa pili na kudai banjo ni yetu kwa sababu tu sisi ni Waafrika. Mizizi yake iko Afrika Magharibi na Karibi. Sisi tuna zeze letu na kibangala chetu.

Turudi kwa Giddens. Baada ya kundi alianza kazi ya peke yake mwaka 2015 kwa albamu Tomorrow Is My Turn, karibu yote ikiwa nyimbo za wanawake waliomtangulia, kama Dolly Parton na Elizabeth Cotten. Mwaka 2017 ikaja Freedom Highway, na hapo ndipo alipojionyesha kuwa mtunzi. Wimbo mmoja humo ulizaliwa na tangazo la zamani la gazeti, lililomnadi msichana mtumwa mwenye mtoto mchanga. Mtoto huyo, tangazo lilisema, mnunuzi akitaka atamchukua pamoja na mama, asipotaka basi. Giddens hamhubirii msikilizaji. Anamwacha msichana aseme mwenyewe kwamba mwili wake wanaweza kuuchukua, roho yake hawaiwezi.

Wimbo mwingine, Julie, ni mazungumzo ya watu wawili tu. Ni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wanajeshi wa Kaskazini wanakaribia, na bibi mwenye nyumba anamsihi Julie, mtumwa wake, abaki naye, kisha amsaidie kuficha sanduku la dhahabu kwa kuwaambia askari kuwa ni mali yake yeye Julie. Julie anamjibu kwamba dhahabu hiyo ndiyo bei waliyouziwa watoto wake. Kisha anaaga. Chombo kinachosikika ni banjo, iliyotengenezwa kwa mfano wa banjo ya mwaka 1858: sauti nzito, ya chini, shingo haina vyuma vya kugawa noti, vidole vinateleza kama sauti ya mtu. Mwenye kuidhani banjo ni chombo cha kuchekesha ausikilize wimbo huu mara moja tu.

Mwaka huohuo wa 2017 alipewa ufadhili wa MacArthur, unaotolewa Marekani kwa watu wenye ubunifu wa pekee, na mwaka 2019 akakusanya wanawake wengine watatu Weusi wapigao banjo, Amythyst Kiah, Leyla McCalla na Allison Russell, wakatoa albamu ya pamoja. Akiishi Ireland, akashirikiana na Mwitaliano Francesco Turrisi, na albamu yao ya wakati wa korona, They're Calling Me Home, ikapata Grammy mwaka 2022.

Lakini kazi ambayo naamini msomaji wa Kiswahili angeielewa kuliko Mmarekani wa kawaida ni opera ya Omar. Omar ibn Said alizaliwa takriban mwaka 1770 huko Futa Toro, eneo lililo Senegal ya leo. Kwa maandishi yake mwenyewe, alitafuta elimu miaka 25. Mwaka 1807 akatekwa, akavushwa bahari, akauzwa Charleston, South Carolina, miezi michache kabla ya sheria ya kuzuia kuingiza watumwa kuanza kutumika Januari 1808. Omar anamtaja aliyemnunua kuwa mtu mfupi, dhaifu na mwovu, asiyemwogopa Mungu. Akatoroka, akakamatwa na kufungwa Fayetteville, North Carolina, na watu wakastaajabu kuona mfungwa anajaza kuta maandishi wasiyoyajua. Yalikuwa Kiarabu. Familia ya Owen ikamchukua, naye akaishi utumwani mpaka kufa.

Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake, kwa Kiarabu. Anaanza na nini? Surat al-Mulk, sura inayofungua kwa kusema ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Aliyehesabiwa kuwa mali ya mtu mwingine anafungua kitabu chake kwa aya zinazosema mwenye kumiliki ni Mmoja, na mabwana zake hawawezi kusoma hata herufi. Wanazuoni wanabishana mpaka leo kama ubatizo aliopewa akiwa utumwani ulikuwa wa moyoni. Muswada wenyewe uko Maktaba ya Bunge la Marekani tangu 2017.

Giddens, mzaliwa wa jimbo lilelile alikofia Omar, amesema hakuwa amewahi kumsikia kabla ya kuombwa kuandika opera hiyo. Aliandika maneno, na muziki akautunga pamoja na Michael Abels. Ikaonyeshwa mara ya kwanza Mei 2022 katika tamasha la Spoleto, Charleston, mji uleule Omar alikouzwa, na mwaka 2023 ikapata tuzo ya Pulitzer ya muziki. Anayefikiri utumwa uliwachukua watu wasio na elimu wala kitabu ana jibu lake hapa, limeandikwa kwa mkono wa mtumwa mwenyewe.

Je, Giddens anataka kuwanyang'anya wazungu muziki wao? Hili nalo nimelikuta likisemwa, na si kweli. Mwaka 2017 alialikwa kutoa hotuba kuu mbele ya chama cha kimataifa cha bluegrass, tawi la kantri linalotegemea banjo na fidla, ukumbi uliojaa wazungu, na ujumbe wake ulikuwa kwamba muziki ule ulipikwa na wote, Weusi, Waskoti, Waairishi na wengine, kwa hiyo hakuna haja ya kumkaribisha Mweusi kama mgeni wakati alikuwepo tangu mwanzo. Yeye mwenyewe ameimba nyimbo za Kigaeli cha Uskoti kwa ufasaha. Anachopinga ni ule mlango wa mbele na wa nyuma. Wimbo wa Beyoncé ulipovuma, Giddens hakuandika kujisifu; aliandika katika gazeti la The Guardian kuieleza upya historia hii, akijua fika kwamba watu wengi hawatasoma kitabu kizima.

Ukitaka kumsikiliza, usianze na opera. Anza na Julie, kisha At the Purchaser's Option, ule wa tangazo. Ukitaka furaha, tafuta You're the One ya mwaka 2023, albamu yake ya kwanza yenye nyimbo alizotunga au kushiriki kutunga zote, ambamo kuna bluzi, kantri na hata soul. Na ukitaka kujua mambo yalivyosikika katika zile Alhamisi za Mebane, mwaka 2025 yeye na Justin Robinson walitoa What Did the Blackbird Say to the Crow, banjo na fidla tu, iliyorekodiwa nje huko North Carolina, wadudu na ndege wakisikika. Nyimbo nyingi zilizomo walizipata kwa mzee Thompson.